Wimbo wa Kuinulia Reli

Mtaimbo wake ulibaki umesimama kwenye kokoto za reli, pale pale alipouchomeka alipoitwa. Wenzake wa kikosi cha kutengeneza reli waliukwepa mchana kutwa kama watu wanaokwepa kaburi, na jua lilipoanza kushuka nikaenda kuuchukua mwenyewe. Chuma kilikuwa bado na joto. Nikaubeba begani katikati ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi tulipoishi, na milango niliyozoea kukaribishwa chai ikafungwa kabla sijaifikia.

Hiyo ndiyo siku waliyomchukua mume wangu, Ndambuki, katika mwaka wa pili wa hali ya hatari. Askari walikuja na mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kikosi kikapangwa mstari, gunia likapita mbele yao polepole, na lilipofika kwa Ndambuki likaitikia kwa kichwa. Basi. Alikuwa Mkamba, na ndiye aliyewaongoza wenzake kwa nyimbo za kazi. Ofisa alisema ndani ya nyimbo hizo mmefichwa kiapo cha waasi wa msituni.

Kiapo! Wimbo wenyewe ulikuwa wa kanisani kwetu Wusi, nilikozaliwa. Ndambuki aliusikia alipokuja kuniposa, wakati hata kanisani haingii. "Huu unafaa kuinulia reli," aliniambia tukishuka mlima, na kweli akaenda nao kazini. *Bwana, tushike mkono*, yeye alikuwa akiita, kisha ananyamaza kidogo mpaka kila mtu ameshika chuma sawasawa, ndipo wote wanajibu *tuvuke!* na reli inanyanyuka. Kanisani hakuna kunyamaza pale, maneno hufuatana. Lakini hata baada ya kubatizwa aliendelea kusita pale pale, ibada nzima ikimwacha nyuma. Mzee mmoja wa kanisa alimkemea kwamba anamfanyisha Mungu kibarua.

"Mzee," Ndambuki alimjibu, "ile reli ni nzito. Nimwite nani mwingine?"

Alipochukuliwa, sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, nikafumba macho, nikaona gunia. Mchana nilichota maji, nikafua, nikapepeta mahindi, na mwili wangu ulikuwa mzito kama nimebeba mtu mgongoni. Treni zilizoleta wafungwa zilipita na nyaya madirishani, nami nilitazama kila dirisha mpaka shingo ikaniuma. Nilikwenda kwenye kambi walikofungiwa, nikarudishwa langoni. Nikaenda tena. Mwishowe askari wa lango hawakuwa hata wakinifokea. Walinionyesha barabara tu kwa mkono.

Mama Tryphena, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, ndiye pekee aliyeendelea kuingia kwangu bila hodi. Siku moja alinikuta nimeketi sakafuni.

"Umeomba leo, Dinah?"

"Siwezi, mama. Maneno hayaji."

"Basi acha. Sisi tutaomba, wewe lala." Akavuta ungo wa mboga zangu, akaanza kuzichambua. "Kwani wewe ulidhani sisi wengine tunaendea nini kanisani? Viti?"

Nilicheka, nikaona aibu kwa kucheka, nikalala. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa kweli, naye alikuwa akinong'ona na Mungu juu ya mchicha.

Mvua za vuli zikaja, zikala njia ya reli upande wa Sagalla. Kikosi hakikutosha, wakaletwa wafungwa wa kambini kuitengeneza. Asubuhi hiyo nilikuwa naanika shuka.

*Bwana, tushike mkono.*

Kimya.

*Tuvuke!*

Shuka likaniponyoka, likaanguka matopeni. Sauti haikuwa yake. Lakini kimya kilikuwa chake.

Nilikimbia kwa Mama Tryphena. Kila mtu alijua amri: anayewasogelea wafungwa atafungwa pamoja nao, au atapigwa risasi. Alinisikiliza, akainuka, akajaza debe maji.

"Miguu yangu inatetemeka," nilimwambia.

"Hata yangu. Twende nayo hivyo hivyo."

Askari kijana, ambaye wenzake walimwita Jeconia, alituzuia kwa bunduki. "Rudini! Hakuna kuongea na hawa!"

"Hatuongei, mwanangu," akasema Mama Tryphena. "Tumeleta maji. Na sisi tukibeba maji huwa tunaimba. Wimbo nao umepigwa marufuku?"

Jeconia akageuka kulitafuta gari la ofisa. Lilikuwa mbali, karibu na daraja. Hapo ndipo nilipoomba, baada ya miezi yote ile, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: Bwana, nipe sauti. Nikaimba kwa tuni ile ile:

*Bwana, aliyewafundisha yuko wapi?*

Wafungwa walikuwa wameinama, mikono chini ya reli. Aliyewaongoza, mwanamume mkondefu mwenye mvi, hakunitazama. Akaita, *Homa ilimchukua mikononi mwetu*, akanyamaza, wakajibu *tuvuke!* na reli ikapanda hadi magotini. Akaita tena, *Aliimba mpaka mwisho*, na sauti yake ikakatika.

Nilikuwa mke wa mtu wa reli. Nilijua kwamba mwita wimbo akikatika, chuma kinaangukia miguu ya watu. Niliiona mikono yao ikianza kutikisika. Sikuwa na nafasi ya kulia.

*Bwana, tushike mkono*, nikaita.

Nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza. Nilingoja mpaka kila mmoja ameshika sawasawa, na katika kungoja kule sikuogopa kitu, wala bunduki.

*Tuvuke!*

Jeconia alikuwa ameshusha mtutu. Kiswahili alikijua kama sisi. Kila neno alikuwa amelisikia. "Maliza wimbo, mama," akasema chini chini, "halafu mrudi. Gari linakuja."

Niliwaitia mpaka reli ikakaa juu ya mataruma yanayoibeba. Walikunywa maji, tukachukua debe letu. Nyuma ya kibanda cha mashine ya maji nilikaa chini, na Mama Tryphena akakaa kando yangu kwenye tope na kanga yake safi.

Sikuonyeshwa kaburi. Mtaimbo uko nyuma ya mlango wangu huku Wusi, nilikorudi. Jumapili wimbo ule unapoimbwa, mimi husita pale pale, nalo kanisa zima huendelea. Mwalimu wa kwaya ameacha kunisahihisha.