Shangazi na Nukta Sita

Shangazi yangu aliingia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kwa mlango wa jikoni. Aliajiriwa kuchemsha chai na kufagia vipande vya karatasi, wala hakuwa na haraka ya kuwa kitu kingine. Jambo hilo lilimkosesha raha Baba, kaka yake. Baba ni mtu wa mipango. Hata likizo huipangia ratiba.

"Mdogo wangu, miaka mitano ijayo utakuwa wapi?" alimuuliza kila alipotutembelea.

"Nikijaliwa uzima, hapahapa, namsubiri wifi apakue," Shangazi alijibu, na Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Siku moja, akimpelekea chai fundi wa kupanga maandishi, jicho lake lilitua kwenye kadi ya harusi.

"Samahani," alisema, "hivi huyu bwana harusi anaoa au anaoga?"

Fundi akatazama. Kadi mia tatu zilikuwa karibu kutangaza kwamba kijana wa watu ataoga Jumamosi saa kumi, wote mnakaribishwa. Tangu hapo hakuna karatasi iliyoingia mashineni kabla Shangazi hajaipitia, na haukupita muda wakampa meza, taa na kalamu nyekundu.

Miaka minne alisahihisha makosa ya watu na kuyafurahia. Kisha akaja mwalimu mmoja asiyeona, mama wa makamo, kuuliza kama wangeweza kuchapa hadithi za watoto kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Meneja alisema hawana mashine. Shangazi alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akamwomba amfundishe herufi moja tu. Alirudi kazini baada ya saa nzima, anazijua saba. Mwezi ule wote, kila akitoka kazini alipitia kwa yule mwalimu, akafumba macho na kupapasa zile nukta sita zinazounda kila herufi.

Mwaka huohuo meneja alistaafu, na mwenye kiwanda akampa Shangazi nafasi hiyo. Baba alifurahi kuliko aliyepewa.

"Nimekataa, Kaka," Shangazi alisema mezani.

Baba akaweka kijiko. "Umekataa umeneja?"

"Nimeomba inunuliwe mashine ya nukta nundu, niiendeshe mimi. Amekubali tujaribu mwaka mmoja."

"Na baada ya mwaka?"

"Sijui," alisema, akajiongezea mchuzi.

Mashine ilikuja imeshatumika, ikinguruma hadi chai ikatetemeka vikombeni. Kitabu cha kwanza kilitoka kurasa zimepinduka. Cha pili kikatoka sawa. Siku ya kukipeleka shuleni kwa yule mwalimu gari la kiwanda liligoma, ikabidi Baba aombwe atubebe. Alisimama nyuma ya darasa, mikono mfukoni. Msichana wa dawati la mbele alipitisha vidole ukurasani, akacheka peke yake, akarudia mstari, akacheka tena. Shangazi akatoka nje kupenga kamasi.

Njiani Baba hakuuliza swali hata moja. Tulipofika nyumbani akamwambia Mama amtafutie shati safi, kwani Alhamisi ana safari ya kupeleka vitabu shule nyingine.