Sauti ya Juu ya Attracta Feeney

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa pensheni yangu ya posta, kwamba haya yote ni kweli tupu. Hata uongo utakaoukuta humu ni wa kweli: niliusema mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Mimi ni Malachy Tierney wa Kilbrack. Kabla sijawa mpeleka barua nilikuwa dereva wa Mabaharia wa Shannon, mto wa kwetu, bendi ya watu tisa ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mwimbaji wetu alikuwa Attracta Feeney, binti wa fundi viatu, miaka kumi na tisa, mwembamba kama mpini wa ufagio. Akifungua kinywa, wanaume waliojipanga ukutani walisahau kuvuka ukumbi kuwaomba wasichana wacheze. Mwaka 1967 nikampeleka London kurekodi "Dirisha la Kaskazini". Wimbo ukapanda chati mpaka namba nne, na London wakambatiza Tracy Fane, eti jina la Attracta lingewavunja watangazaji meno.

Katika kiitikio kuna mahali sauti inapanda, inapanda tena, halafu unapodhani imefika ndiyo kwanza inaanza safari. Nchi nzima iliijaribu bafuni. Nchi nzima ilishindwa.

Sasa uongo wangu. Niliporudi niliwaambia watu baani kwa Gilhooly kwamba Attracta alipigwa na baridi melini, sauti ikakauka, na ile ya juu niliipiga mimi, nimejificha nyuma ya pazia la studio, mpaka kioo cha saa ya fundi mitambo kikapasuka. Walicheka hadi kushika mbavu. Kweli ni kwamba nilikuwa nje ndani ya gari, nalinda ngoma, natafuna sandwichi. Lakini kuchekesha watu ni utamu wa ajabu. Kila Krismasi nikaongeza chumvi. Mwisho dirisha nalo likapasuka, na mbwa wa jirani akazirai.

Mwaka 1971 akapita mwandishi wa gazeti, akacheka na wengine, akaenda kuandika. Hakunitaja. Aliandika tu kwamba sauti ya Tracy Fane si ya Tracy Fane. Kumbi zikaanza kumtaka aimbe majaribio kwanza, kama mtoto wa shule. Miaka miwili baadaye alikuwa anauza viatu Manchester. Nami nilijua. Barua zake kwa mama yake nilizipeleka mimi, na mama Feeney, kila barua ikifika, alinikaribisha chai. Nilikaa. Nilikunywa. Nilimuuliza kama Attracta hajambo.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, tulimzika mama Feeney. Tulipotoka makaburini tukaenda kwa Gilhooly: supu, sandwichi, kisha glasi, kisha nyimbo. Kwetu aliyemaliza kuimba ndiye mwenye wito. Anamtaja wa kumfuata, na aliyetajwa hakatai. Hata padri hakatai. Dominic, kaka yake Attracta, alikuwa ametoka tu kumaliza wimbo wake, anakunywa maji kabla ya kumtaja mtu, ndipo Clive, Mwingereza aliyeoa mpwa wao, akaniinamia.

"Mzee, nasikia ulikuwa London na shangazi?"

Nikaangaza macho. Attracta simwoni. Nilisikia kaenda nyumbani kwa padri. Basi nikaanza: meli, baridi, pazia. Nilipofika kwenye kioo nikasikia baa imenyamaza, na si ule unyamavu ninaoupenda. Nuala Gilhooly, mwenye baa, alikuwa anafuta glasi moja ileile.

Nikageuka. Attracta alikuwa mlangoni pa jikoni, ameshika sahani ya sandwichi.

"Endelea, Malachy. Umefika kwenye kioo."

"Binti Feeney, pole sana na msi—"

"Pole ulinipa kanisani. Endelea."

"Utani tu, mama. Porojo za wazee."

Akaweka sahani mezani polepole. "Kumbe ni wewe. Miaka yote nilidhani ni Colm, mpiga ngoma wetu. Nilimchukia mpaka akafa. Aliniandikia barua tatu, sikuzifungua."

Barua hizo zilipita mikononi mwangu. Nilizitia mihuri mwenyewe. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini sakafu ya Gilhooly imejengwa vizuri.

Dominic akasafisha koo. "Wito ni wangu. Namwachia dada."

"Namwita Malachy Tierney," akasema Attracta. "Dirisha la Kaskazini. Na pale panapopanda, apande."

"Attracta, nina miaka sabini na mbili."

"Kioo cha saa si lazima kipasuke, mzee. Wewe imba tu."

Nikasimama. Nikaanza chini kabisa, kama mtu anayetafuta viatu gizani. Nilipofika mahali pale nikafumba macho, nikasukuma, ikatoka sauti ya mlango wa banda la kuku. Siku zote watu hawa nimewachekesha bila jasho. Siku hiyo hakucheka hata mtoto.

"Ile ya London ilikuwa ya nani?" akauliza Attracta.

"Yako. Mimi nilikuwa kwenye gari."

"Sema kwa nguvu, Nuala hasikii vizuri."

"Nasikia vizuri sana," akasema Nuala, "ila arudie."

Nikarudia. Nikamtaja na Colm, kwamba hakuwahi kusema neno baya juu yake. Hapo Attracta aligeuzia uso dirishani, na mimi nikatazama sakafu.

Kwa desturi, wito sasa ulikuwa wangu. Nikasema, "Namwita Attracta Feeney."

"Leo nimemzika mama, na mfiwa haitwi; huimba akitaka mwenyewe, kama Dominic. Unajua." Akavuta kiti, akaketi mbele yangu kabisa, magoti yake karibu na yangu. "Umebaki wewe. Ubeti wa pili."

"Attracta, ziko beti nne."

"Najua. Niliziimba."

Nikaimba wa pili.