Makopo ya Sisimizi

Sisimizi hawajui kutunza siri. Asubuhi hiyo, uani kwa Mzee Mfaume, Buguruni, walikuwa wameshika foleni hadi kwenye godoro la mjukuu wake Lulu. Mtoto wa miaka tisa, lakini anakojoa kitandani kama kaachishwa ziwa jana. Anakunywa maji, anakonda. Anakunywa tena, anazidi kukonda.

Mzee jibu alikuwa nalo. Siku ya Idi, mdogo wake, Jamali, alileta halua kutoka Kimara, Lulu akala, kiu ikaanza. Basi Jamali akapigwa marufuku mlangoni, mtoto akafungwa hirizi, na sindano za hospitali zikakataliwa. Kitu cha kutupiwa, alisema Mfaume, ukikichoma sindano kinaondoka na mtu.

Mwanaheri, binti yake, mama wa mtoto, hakubishana. Alisema tu, "Baba, leo nisindikize kazini."

Alikuwa akifagia kwenye nyumba ya utafiti, Kinondoni. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, bandarini kulishuka kila kitu: mitumba, televisheni, na kumbe hata panya. Weupe, wamepangwa kwenye vizimba juu ya kabati la chuma, na miguu ya kabati imesimama ndani ya makopo ya maji, kama kabati la vyakula la marehemu mkewe.

"Shikamoo, mzee," alisema Didas, mtunza panya.

"Marahaba. Makopo ya nini haya?"

"Sisimizi. Wanafuata mkojo wa hawa panya. Una sukari."

Mfaume akasogelea kizimba. Panya mmoja alikuwa amening'inia kwenye chupa ya maji, anafyonza, anafyonza, mbavu nje. Kama Lulu kabisa.

"Huyu kala halua ya nani?"

Didas akatikisa kichwa.

"Hajala ya mtu, mzee. Wataalamu wa ng'ambo walichezea mbegu ya ukoo wa panya hawa, tangu kwenye yai. Kila anayezaliwa anazaliwa na ugonjwa wa sukari. Dawa zijaribiwe kwao kwanza."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Basi wachawi ni nyie."

Didas akacheka. "Ila sie tunaloga ili tujue kuagua."

Mfaume hakucheka. Alivuta ndoo, akaikalia. "Na wangu? Wangu nani kamtia?"

"Hakuna, mzee. Mwili wenyewe umekosea." Didas akagusa kizimba kitupu. "Wa humu hawakuchomwa sindano; hakubaki hata mmoja."

Jioni, Mwanaheri aliporudi na Lulu kutoka hospitali, sindano mkobani, alimkuta baba yake kapiga magoti, anasukuma makopo ya maji chini ya miguu ya kitanda cha mtoto.

"Ingia, mama," alimwambia Lulu. Akaifungua hirizi mwenyewe; mkononi mwa mtoto ikabaki alama nyeupe.

"Babu, inauma?"

"Inauma, mke wangu."

Mwanaheri alipotoa sindano, Mfaume hakugeuza uso. "Kesho nenda Kimara. Mwambie Jamali mlango..."

Chini ya kitanda, sisimizi mmoja alikuwa akizunguka ukingo wa kopo, akitafuta pa kuvukia.