Ifike kwa Miguu Yake

Pikipiki ile ilizaliwa na wazazi watatu, wote marehemu. Fremu ilitoka kwenye pikipiki iliyosombwa na mafuriko. Injini ilitoka kwa muuza maziwa aliyeamua kupumzika. Tanki, lililokuwa jekundu kabla kutu haijalionja, lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja ambaye daktari alimwambia atembee kwa miguu kwa ajili ya kitambi chake. Aliyewakutanisha marehemu hao na kuwafufua wakiwa mwili mmoja ni kijana wa gereji ambaye kila mtu alimwita Profesa. Si kwamba alisoma sana. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza swali akajibiwa "sijui."

Kazi hiyo ilimla miezi minane, jioni baada ya jioni, akishamaliza kufagia gereji ya Mjomba wake. Alifanya kila kitu kwa mikono yake isipokuwa kimoja. Kishikio cha koki ya mafuta, pale chini ya tanki, kilikuwa kimevunjika, na Mjomba akamchongea kingine kwa kichwa cha bolti ya shaba. Kilitoka kizuri, cha mviringo, laini kama kifungo cha koti. Ukikizungusha robo, mafuta yanafunguka. Ukikizungusha robo nyingine, yanafunga. Na ukiwa na nafasi unaweza kukizungusha hivyo mpaka kesho. Alama hakikuwa nayo. Mjomba alisema fundi wa kweli hahitaji alama.

Koki kwa Mjomba halikuwa jambo la mchezo. Zamani, pikipiki moja iliachwa bila kufungwa koki, petroli ikadondoka tone kwa tone mpaka sakafu ikalowa, na mtu akawasha kiberiti. Gereji ilipona. Nyusi ya kushoto ya Mjomba haikuota tena. Tangu siku hiyo kila aliyeshika spana chini ya bati lake alikaririshwa sheria moja kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo: pikipiki ikilala, koki nayo ilale.

Sasa, Profesa alikuwa na mikono ya fundi, lakini jina hakuwa nalo. Wateja walikuwa wakiingia, wanamkuta kashika spana, grisi hadi kwenye viwiko, halafu wanamuuliza, "Fundi yuko wapi?" Swali hilo lilimuuma kuliko kubanwa kidole na mnyororo. Alipomlalamikia Mjomba, Mjomba alicheka na kumwambia kuwa jina la fundi mtu hajipi, wala mjomba hampi mpwa. Anayelitoa ni mteja, na mteja halitoi mpaka kazi imefika mikononi mwake inanguruma.

Mteja mwenyewe alikuwa mkunga, ng'ambo ya milima, mwanamke anayezungukia vijiji ambavyo gari halivifikii. Alikuwa ameshaletewa pikipiki mbili na wauzaji wawili. Zote zilifika zimelala juu ya lori, na kila muuzaji alifika na hadithi ndefu. Kwa hiyo safari hii alituma ujumbe mfupi: "Ikifika kwa miguu yake kabla ya saa kumi, naichukua. Ikifika juu ya lori, isishushwe." Saa kumi gari la zahanati lingeondoka kwenda mjini, naye angepanda, akajichagulie nyingine huko dukani.

Wakaondoka saa kumi na mbili asubuhi, Profesa mbele, Mjomba nyuma na mkoba wa spana kifuani. Helmeti ilimbana Mjomba mashavu mpaka akafanana na mtu aliyekaribia kupiga filimbi. Alikuwa amekubali kwenda kwa sharti kwamba hatatoa ushauri. Alilitimiza sharti hilo kwa muda wa dakika nne.

Walipoanza kupanda mlima, walilipita lori la kabichi lililokuwa likijikongoja kama mjamzito wa mwezi wa tisa. Dereva wake walimjua. Breki zake zilitengenezwa kwao. Profesa alipiga honi mara tatu, ambapo moja ingetosha.

Kituo cha kwanza kilikuwa kibanda cha chai kwenye kona ya saba. Mjomba alishuka akilalamika kuwa kiti kile kimetengenezwa na mtu asiye na makalio. Wakanywa chai, wakala mayai ya kuchemsha, na Profesa akamweleza mama mwenye chai, ambaye hakuuliza, tofauti kati ya injini ya mipigo miwili na ya mipigo minne. Mama akamwongezea chai ili apate kunyamaza. Kisha wakapanda, na pikipiki ikaondoka ikiimba.

Iliimba kama kilomita moja. Halafu ikakohoa, ikashtuka, ikanyamaza kabisa katikati ya mlima.

Profesa alishuka na kuzunguka mara moja, mikono kiunoni, kama daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa wajue kuwa amesoma. Ni plagi, akatangaza. Akaifungua, akaisugua kwa msasa, akaipuliza. Mjomba alichuchumaa upande wa pili, akiguna mwenyewe kwa mwenyewe. Lori la kabichi likatokea konani, likawapita polepole, polepole mno, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Profesa, hapo leo unafundisha somo gani?"

Profesa akaipuliza plagi tena. Akarudisha plagi, akapiga kiki mara tano, na ya sita ikawaka. Akageuka kumwangalia Mjomba kwa uso wa mtu anayesubiri makofi. Mjomba alikuwa akifunga mkanda wa helmeti.

Walilipita lori tena baada ya dakika ishirini. Safari hii honi ililia mara nne.

Kituo cha pili kilikuwa kizuizi cha barabarani, penye mlinzi na daftari kubwa. Mlinzi alitaka kuandika aina ya pikipiki. Profesa akamwambia fremu ni ya aina hii, injini ya aina ile, tanki la aina nyingine, na magurudumu hayajui baba yao. Mlinzi aliitazama, akaizunguka, akalamba ncha ya kalamu, kisha akaandika "Nyinginezo." Mjomba alicheka mpaka ikabidi akae kwenye benchi la mlinzi, na kwa kuwa alikuwa ameshakaa, wakanunua ndizi kwa mwanamke wa jirani, wakala, wakasifia mandhari. Mabonde yalikuwa yamepangana huko chini kama mashuka yaliyokunjwa na mtu mwenye haraka. Wakapanda. Pikipiki ikaimba.

Kilomita moja. Ikakohoa. Ikashtuka.

Safari hii Profesa alikuwa na maelezo kabla hata gurudumu halijasimama. Hewa, alisema. Huku juu hewa ni nyembamba, na kifuniko cha tanki kina tundu dogo la kupumulia, bila shaka limezibwa na vumbi, hivyo tanki limekaba pumzi na mafuta hayashuki. Akachukua sindano, akatoboa kitundu ambacho kilikuwa wazi tangu asubuhi. Mjomba alichuchumaa upande wa pili, akatikisa kichwa, akasimama. Lori likapita.

"Naona leo kuna vipindi viwili," alisema dereva.

Kiki ya saba ikawaka. Profesa alijisikia kama mtu aliyemfufua baba yake. Wakalipita lori kwa mara ya tatu, na njia nzima kuelekea kileleni alimweleza Mjomba kuhusu hewa nyembamba, akipiga kelele ili kuushinda upepo, na Mjomba, aliyekuwa na sharti lake, alijibu kwa kumfinya mbavu kila palipotokea kona.

Karibu na kilele ukungu ukashuka, na mvua nyuma yake. Wakajibanza chini ya kibanda kitupu cha muuza viazi. Saa ilikuwa nane na nusu. Mvua ilipokatika wakaondoka haraka, Profesa akiwa ameshaanza kujiona moyoni amekaa kwenye meza ya fundi mlangoni pa gereji, mahali ambapo mteja akiingia ndipo jicho linapotua kwanza.

Pikipiki ikafa mita mia mbili tu kabla ya kilele.

Alisugua plagi. Akapiga kiki ishirini. Akatoboa kitundu. Kiki thelathini. Akatikisa tanki, mafuta yakacheza ndani, tele. Mjomba safari hii hakuchuchumaa popote. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, alikuwa amekaa kwenye jiwe anajikanda mapaja. Saa tisa ikafika. Profesa alisimama katikati ya barabara, jasho likimtiririka kwenye baridi, akatafuta maelezo kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuta hata moja.

Lori la kabichi likafika, likasimama. Dereva hakutania. Alishuka, akaitazama pikipiki, akamtazama kijana.

"Nafasi ninayo huko juu, na kamba ninazo. Nawashusha kwenye kona ya mwisho kabla ya zahanati. Kutoka pale ni mteremko mtupu, unaingia unateleza. Mkunga atajuaje?"

Mjomba aliendelea kujikanda. Masikio yake yalikuwa kwa mpwa wake.

Profesa alilitazama lori. Kabichi zilionekana laini kuliko kitanda.

"Halafu siku akiwa huko vijijini, kuna mama ana uchungu anamsubiri, ikizima," alisema taratibu. "Ataipakia kwenye lori la nani?"

Dereva akakuna kidevu. Akawatakia heri, akapanda, akaondoka. Ukungu ukalimeza lori, zikabaki kelele za gia.

"Umejibu vizuri," alisema Mjomba kutoka kwenye jiwe lake. "Sasa angalau funga koki wakati unafikiri. Nilitaka nikwambie tukifika, lakini wacha nikwambie sasa hivi. Kutwa nzima leo umeivunja sheria. Kila tukisimama wewe unakimbilia chai kama jogoo aliyeona mtama, na mimi nabaki nyuma kukufungia koki. Hata pale kibandani, na mvua ile."

"Kunifungia?"

"Kukufungia. Na kila ikizima barabarani, wewe umeng'ang'ana na plagi, nani anafunga? Mimi, huku upande wa pili. Ni hapa tu miguu imenigomea."

"Mjomba," alisema Profesa, "mimi nikishuka tu kituoni, kabla mguu wa pili haujagusa chini, nafunga koki. Umenifundisha mwenyewe. Kila kituo nimefunga. Na kila tukiondoka kituoni nimefungua. Ni ikizima njiani tu ndipo siigusi."

Wote wawili wakakigeukia kile kishikio cha shaba, cha mviringo, laini kama kifungo cha koti, kisicho na alama.

Mjomba alihesabu kwa vidole. Mpwa anafunga. Mjomba anakuja nyuma, anafunga kilichofungwa, yaani anafungua. Mpwa anarudi, anafungua kilichofunguliwa, yaani anafunga. Pikipiki inaondoka na mafuta yaliyobaki kwenye kabureta tu, yanatosha kilomita moja, hapa mlima ulipokuwa mkali hayakutosha hata hiyo, inazima. Mjomba anakuja kufunga, anafungua. Inawaka, na sifa inapewa sindano.

"Kwa hiyo hewa nyembamba..." alianza Mjomba.

"Tuiache hewa," alisema Profesa.

Akazungusha robo. Kiki ya kwanza, kimya, ya pili, na marehemu wote watatu wakanguruma kwa pamoja. Mjomba alisahau ganzi, akarukia kiti. Walishuka mlima ule wakicheka kama watu waliovunja sahani ya mgeni, wakalipita lori bila honi, Profesa akiinua mkono tu, na dereva akaona ajabu zaidi hapo kuliko siku nzima.

Waliingia uwanja wa zahanati saa kumi kasoro dakika nane. Gari lilikuwa limeshawashwa. Mkunga alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, begi begani. Akaurudisha mguu. Akaizunguka pikipiki, akaigusa injini kama anavyogusa paji la uso la mtoto, kisha akauliza swali ambalo wauzaji wale wawili walikuwa wamelijibu haraka haraka.

"Njiani imesimama?"

Mjomba aliangalia angani, kana kwamba kuna ndege anayemdai salamu. Profesa alifuta grisi mkononi.

"Mara tatu," alisema. Akaeleza yote, plagi, sindano, na robo za koki, wala hakujiachia mahali pa kujificha. Alipomaliza, sikio lake lilikuwa limeshaanza kusikia mlango wa gari ukifungwa.

Mkunga akamtazama Mjomba, akarudi kwa Profesa.

"Ilisimama mkiwa mafundi wawili?"

"Wawili."

"Mimi naendesha peke yangu."

Akafungua begi, akatoa kalamu ya wino usiofutika, ile ya kuandikia vibandiko vya mikononi mwa vichanga wasije wakabadilishwa, akachora mstari mnene juu ya kishikio cha shaba, na mwingine kwenye tanki pale mstari unapopaswa kutazama. Nyusi moja ya Mjomba ilipanda juu. Ile nyingine haikuwepo. Mkunga akamwashiria dereva wa zahanati aende zake, akapandisha mguu juu ya kiti, akashika usukani.

"Haya, fundi," alisema, akimtazama Profesa, "nionyeshe gia zake."

Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akachuchumaa kando ya kanyagio la gia. Akaonyesha kwa kidole.

Walirudi kwa lori la kabichi, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Dereva alikuwa ameshusha nusu ya mzigo, na aliwasubiri kwa furaha isiyo na huruma. Wakapanda juu, wakaegemea kabichi zilizobaki, na lori likaanza kuukwea mlima ule ule, na dereva akapiga honi mara tatu bila sababu. Jua lilikuwa bado lipo. Mjomba alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akatafuta pa kuweka mgongo.

"Fundi, sogea huko," alisema, "umenibana."

Profesa akasogea. Kona mbili zilipita ndipo akajua ameitwaje.