Modi ya Milango

Pasi na kompyuta hazikuweza kuwaka kwa pamoja katika chumba kile, kwa hiyo mama na bintiye walipokezana umeme kama watu wanaopokezana kata ya maji. Mama, ambaye alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, alifanya kazi yake asubuhi; binti alishika zamu mashuka yakishakunjwa. Kazi ya binti ilikuwa kuangalia seva ya mchezo, yaani ulimwengu wa kwenye kompyuta ambamo vijana wa miji mbalimbali waliingia pamoja, wakakata miti, wakajenga vibanda na kuhangaika wasife njaa wala wasiliwe na mbwa mwitu. Wachezaji walimwita Bibi Seva. Yeye ndiye aliyeweka modi, vile viongezo vinavyobadilisha kanuni za mchezo, na ndiye aliyezipatanisha zilipogombana, kwa maana modi mbili ziking'ang'ania kitu kimoja, ulimwengu mzima huzimika.

Alipoweka modi ya ukungu, ukungu ulijaa chumbani pia, na mashuka yakachelewa kukauka. Mama alihamishia kamba karibu na dirisha.

"Si ungeweka ya upepo?"

"Upepo unagombana na ukungu, Mama."

"Basi usiwachokoze."

Katikati ya ulimwengu ule binti alikuwa amejenga nyumba yao ya zamani, tofali kwa tofali, mama akimwelekeza kutoka nyuma ya kiti. "Dirisha hilo lishushe. Hapo ukuta umevimba kidogo. Siku hiyo nilikuwa na homa." Mama aliijua nyumba kwa sababu aliijenga. Mumewe alikuwa akifanya kazi mbali. Yeye ndiye aliyekanyaga udongo, akafyatua matofali, akayapanga, akapiga lipu akiwa na mimba ya binti huyu huyu. Mume alipofariki, ndugu yake, ambaye binti alimwita Baba Mdogo, alihamia humo matanga hayajapoa, na mama akaambiwa achukue nguo zake. Tangu hapo mama alitaka kitu kimoja tu duniani: kulala tena katika nyumba ile.

Modi ya milango iliwekwa kwa sababu ya wizi. Wachezaji walilalamika kwamba wakitoka mchezoni, wenzao huingia vibandani mwao na kukomba kila kitu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mlango humfungukia aliyejenga nyumba, na kila ukuta huonyesha kiganja cha mkono ulioujenga. Kwa kawaida binti huweka modi mpya kwenye nakala ya ulimwengu kwanza, aione tabia yake. Siku hiyo wachezaji walikuwa wamemjia juu, naye akaiweka moja kwa moja kwenye ulimwengu wenyewe, akaiwasha seva upya, akaenda kunywa maji.

Alasiri Baba Mdogo alipiga simu.

"Shemeji, mlango umenigomea."

"Umepoteza ufunguo?"

"Ufunguo ninao. Fundi amekuja, amebadilisha kitasa. Kitasa kinakubali, mlango hautaki."

Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akafuatana na binti. Walimkuta Baba Mdogo ameketi juu ya ndoo nje ya nyumba, mkewe amesimama kando yake na taulo begani. Mama alikuwa hajafika kizingitini mlango ulipofunguka, taratibu, kama mtu anayesogea usingizini ili ampishe mwenzake kitandani. Ndani, viganja vilikuwa vimetokea kwenye kuta zote, vya rangi ya maji ya udongo, vikipumua polepole. Mama aliweka mkono juu ya kimoja, ukaenea barabara. Sebuleni palikuwa na viganja, jikoni viganja, vingine vimelegea kwa uchovu. Baba Mdogo alionekana mahali pamoja tu: kidole gumba kando ya msumari wa kalenda, ambao ulikuwa umepinda.

Majirani waliingia nyuma ya mama kutazama.

"Kumbe yote ni wewe," alisema muuza mkaa.

"Ni mimi."

"Hongera sana."

Wakaenda zao.

Baba Mdogo alikifuta kidole gumba chake kwa kitambaa, hakikufutika. "Hakuna anayebisha, shemeji. Umejenga, tena umejenga vizuri. Lakini kujenga ni kujenga, na kurithi ni kurithi."

"Mchumia juani hulia kivulini," alisema binti.

"Methali nzuri hiyo, mwanangu. Sasa mwondoe huyo mdudu wako mlangoni. Wanangu wanacheza humo kwako, wameshanieleza kila kitu."

Nyumbani, binti alitengeneza nakala ya ulimwengu na kuitoa modi ndani ya nakala hiyo, maana safari hii hakutaka kukurupuka. Modi ikitolewa, kila ilichokigusa huondoka nayo. Nyumba ilikuwapo kwenye kioo, kisha palikuwa na nyasi. Nyasi ziliyumba. Ndege akatua palipokuwa chumba cha kulala, akadonoa, akatulia.

"Tuitoe na kule kwenyewe, Mama," binti alisema. "Kama wewe hulali humo, asilale mtu."

Mama alizitazama nyasi mpaka chai yake ikapoa.

"Sikukanyaga udongo ule ili uwe nyasi. Iache."

"Basi atakaa humo mpaka azeeke!"

"Nyumba haina kosa, mwanangu."

Modi ikaachwa. Baba Mdogo alinunua ngazi, akaiegemeza kwenye dirisha la sebule, na familia ikazoea. Mkewe alijifunza kupita na beseni la nguo bila kumwaga maji. Wageni walivua viatu chini ya ngazi, wakapanda, wakapiga hodi kwenye fremu ya dirisha, na mazungumzo yakaendelea kuhusu mambo mengine.

Kwa vitu visivyopita dirishani, mama aliitwa. Aliitwa kwa ajili ya jokofu, akaitwa kwa ajili ya kochi. Kisha aliitwa kwa ajili ya kitanda kipya, sita kwa sita.

"Tangulia, shemeji," alisema Baba Mdogo. "Chumbani nako kuna mlango."

Mama alitangulia, na wabebaji wakamfuata na mbao. Kila alipopita palifunguka: mlango wa korido, mlango wa stoo ambao hakuna aliyeuhitaji, madirisha, hata makabati, mpaka nyumba yote ikawa wazi na hewa ikazunguka humo kwa furaha. Chumbani, kitanda kilipangwa palepale kilipokuwa chake. Alisimama kando ya ukuta, kiganja juu ya kiganja, ukuta ukiwa na joto kama mgongo wa mtoto aliyelala.

"Ahsante, shemeji," alisema Baba Mdogo. "Unaweza kwenda sasa."

Mama alikwenda. Mlango wa mbele ulibaki wazi nyuma yake. Baba Mdogo aliusukuma kwa bega, haukusogea, akauacha. Ulimtazama mama mpaka alipopinda kona, ukangoja kidogo tena, kisha ukajifunga wenyewe. Wabebaji, waliokuwa bado wanakaza skrubu za kitanda, walitokea dirishani mmoja baada ya mwingine, wakishika ngazi kwa uangalifu.