Gari Lisilokunywa Mafuta

Jumamosi asubuhi mpishi wa shule alianika aproni zake, akamsogezea mama yake kigoda barazani, akamwambia akae hapo awasubiri, kwani yadi ya magari haikuwa mbali na wangerudi na gari lenyewe. Gari lilikuwa linanunuliwa kwa ajili ya miguu ya mama huyo. Ilikuwa imevimba tangu mwaka uliopita, na kila alipopelekwa kliniki kwa pikipiki alirudi vidole vimekufa ganzi kwa kumng'ang'ania dereva. Wangeweza kwenda naye yadi. Mpishi aliona kumpandisha na kumshusha mgonjwa kwa kwenda kuchagua tu ni kumtesa bure. Hapo ndipo alipokosea. Mtu akienda kununua gari, asimwache nyumbani yule ambaye gari linanunuliwa kwa ajili yake.

Alikwenda na mumewe, fundi wa majokofu, pamoja na binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Magari waliyoweza kuyamudu yalikuwa mawili tu, la kijani na la bluu, yamepangwa chini ya bati kama ndugu. Yote madogo, yote yamekwisha kutumika. La kijani lilikuwa limejaa kidogo kwa nyuma, na mlango wake ulifunguka hadi mwisho, kiti kikiwa chini, mtu anakaa bila kuinua mguu. La bluu lilikuwa jembamba, na dalali alisema hilo mafuta halinywi, linayanusa.

Yadi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuwasha injini, dalali aliwakalisha wanunuzi ndani, akafunga milango yote, akauliza wako wangapi, ili gari liwajue watu wake. Alisema haya magari madogo ni ya adabu, yanajipima kwa neno la mwenyewe.

Walipokuwa ndani ya la bluu aliinama dirishani.

"Haya bosi. Mko wangapi?"

Fundi alitazama pembeni, akamwona mkewe. Akatazama kwenye kioo, akamwona Chiriku.

"Ndio sisi hawa," alisema.

Mpishi alifungua mdomo. Akawaza kwamba mama yake ni mwembamba, atabanwa popote, na si vizuri kumsahihisha mume mbele ya dalali. Akaufunga. Gari lilijikaza kidogo, kama mtu anayevuta mkanda wa suruali, kisha likatulia.

Waliposhuka alimvuta mumewe kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anapenda la kijani, kwa ule mlango wake.

"Mama Chiriku, mlango unaufungua mara moja," alisema fundi. "Mafuta unayanunua kila siku."

Dalali akacheka. Wakaondoka na la bluu.

Safari ya kwanza ya kliniki mama aliingia, magoti yakigusa kidevu, akasifu kwamba gari linanukia vizuri. Safari ya pili mlango haukufunga. Walijaribu kumwingiza kwa ubavu, wakajaribu kwa mgongo, kisha wakamrudisha kwenye kigoda chake, na fundi akaenda kazini kwa kuwa alishachelewa.

Mpishi alikuwa na mwiko wa shule, ule mrefu wa kusongea ugali wa sufuria kubwa. Mwanzoni aliulaza kwenye kiti cha nyuma ukalala wote. Baadaye ikabidi aulaze mshazari. Mwisho ukawa unatokeza dirishani kama ulimi. Fundi naye alikuwa na kipimo chake, mshale wa mafuta, na mshale ulikuwa hausogei. Kadiri gari lilivyopungua ndivyo lilivyokunywa kidogo, na kila jioni alimwita mkewe aje autazame.

Ndipo mpishi akarudi yadi. Dalali alimsikiliza huku akifuta vumbi kwenye boneti ya gari jingine. Alimwambia gari halina kosa, lilipewa watu watatu na limeshika neno, na sasa litakuwa linamfuata mwenyewe, anavyoliendesha na anavyowaza. La kijani lilikuwa limeshachukuliwa na mshona viatu mwenye wake wawili, na juzi lilikuwa limeota mlango mwingine.

"Hesabu inabadilika, mama," alisema. "Lakini aibadilishe yeye, kwa mdomo wake, akiwa kwenye usukani. Wewe ukisema halikusikii."

Jioni ile alimweleza mumewe. Fundi hakubisha. Aliingia garini kwa kujikunja, akashika usukani, akakaa muda akitazama mshale.

"Nikisema tuko wanne, litanenepa."

"Litanenepa, baba Chiriku."

"Na litakunywa."

"Litakunywa."

Alifikiri. "Basi tungoje mwezi uishe," alisema, akatoka.

Mwezi uliisha, ukaja mwingine wenye ada ya shule, na wa tatu majokofu hayakuharibika. Mpishi alimkumbusha, kisha akapunguza kumkumbusha, kwa sababu kila akikumbushwa gari lilizidi kubana.

Kiti cha nyuma kilitoweka, Chiriku akawa anakwenda shule kwa miguu. Kisha asubuhi moja mpishi alikuta kiti chake kimekuwa kidogo kama mkate. Aliweka juu yake fungu la mboga, akatembea. Siku za mwanzo fundi aliendesha polepole sambamba naye, wakizungumza kupitia dirishani kama wachumba. Baadaye akakumbuka kwamba mwendo wa polepole unakula mafuta.

Mtaani walizoea. Wakimwona anatoka, kichwa kikiwa kimetokeza juu ya paa, walimuuliza, "Fundi, leo umevaa gari?" Naye alijibu kwamba heri kuvaa gari kuliko kuvuliwa na vituo vya mafuta, wakacheka wote.

Mpishi alimbeba mama yake mgongoni hadi barabarani mara moja, kusubiri pikipiki. Walipofika kliniki daktari alikuwa ameshaondoka. Mama akasema inatosha, mwanangu, usije ukaumia na wewe.

Miguu yake sasa imekuwa mizito kama magunia yaliyolowa, na kutoka kwenye kigoda hatoki. Fundi akirudi huegesha hapohapo barazani, karibu naye, maana gari limekuwa fupi kiasi kwamba mama analifikia lote akiwa amekaa. Analifuta kwa kitambaa, paa, vioo, hata magurudumu.

"Asante mama," fundi alimwambia jana. "Unalitunza kuliko mimi."

"Gari zuri, baba," mama alijibu. "Halina usumbufu."

Fundi aliingia ndani kuoga. Mpishi alikuwa mlangoni na sinia la mchele, akichambua. Mama alilisubiri bomba la bafuni lifunguliwe, kisha akauliza bila kugeuka.

"Kliniki ya mwezi huu imeshapita?"

"Imeshapita, mama."

Mama akakamua kitambaa, akaanza upande wa pili.