Jina la Mauza Mkutanoni

Turubai lilifungwa tangu saa tatu asubuhi, upande mmoja kwenye nguzo ya umeme, upande mwingine kwenye nondo za duka la vitenge. Chini yake watu wa mtaa walijipanga kwenye viti vya plastiki, wengine wakikaa kwenye ngazi za maduka. Mauza aliwaona wote kupitia upenyo wa pazia, ghorofa ya kwanza. Yeye hakushuka. Alikuwa eda, mwezi wa tatu sasa tangu mumewe Abubakary azikwe, na bado mwezi na ushei.

Wiki iliyopita Candida, mjumbe wao, alikuja kumjazia fomu ya msaada wa serikali wa chakula kwa kaya zisizojiweza.

"Fomu naipeleka mimi, mama. Lakini jina litasomwa mkutanoni, na majirani wakubali. Wakikataa, ndiyo basi, mpaka orodha nyingine. Na hiyo haijulikani lini."

Ndani mlikuwa na unga wa kusongea ugali mmoja, na majani ya chai.

Kipaza sauti kilikoroma, sauti za wanaume zikapanda, na sikio la Mauza, kwa ujinga wake, likaanza kutafuta sauti moja kati ya hizo. Mikutano yote ya mtaa Abubakary hakukosa. Alikuwa na hoja moja tu, mtaro usiozibuliwa, hata wakamwita Bwana Mtaro. Leo hakuna aliyeutaja mtaro.

Mwenyekiti Bakili alisoma jina la kwanza, watu wakalikubali. La pili hali kadhalika.

"Mwenyekiti, na mimi niandike!" mtu akapaza sauti. "Mke wangu hapiki!"

"Na hicho kitambi umekipata kwa njaa?"

Wakacheka. Kisha likasomwa: "Mauza Ghanim, mjane."

Bi Zena, jirani wa chini, akasimama na kuufunga vizuri mtandio wake.

"Hilo lifute, mwenyekiti."

"Kwa nini, Bi Zena?"

"Huyu mke wa marehemu Abubakary, watu wa heshima zao. Mwaka wa kumi na tisa nakaa chini yao, sijamsikia akiomba hata chumvi. Kila adhuhuri nasikia kinu kinalia, wanatwanga. Mumewe kamwacha vizuri. Tusimwanike mjane wa watu hadharani."

"Kweli kabisa! Tumsitiri!" wakaitikia.

Mauza akashika nondo za dirisha. Laiti Zena angekuwa adui, ingekuwa rahisi. Lakini ndiye aliyemshika mabegani siku jeneza linatoka, na hata sasa sauti yake ilikuwa imejaa mapenzi.

Kinu! Biashara ya kofia pale Mtaa wa Kongo ilipokufa, siku ambazo hawakuwa na kitu Abubakary alikuwa akimwambia, "Twanga, Mauza, watu wasije wakatucheka." Naye akatwanga hewa. Abubakary alikaa sakafuni, amekibana kinu kwa nyayo zake kisihame, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka matumbo, yale yale matupu, yakauma. Mungu amsamehe, sasa Mauza aliitamani hata njaa ile, maadamu ilikuwa njaa ya watu wawili.

"Basi tunafuta?" aliuliza Bakili, kalamu mkononi.

Mauza akalivuta pazia. Jua likampiga usoni.

"Msifute!"

Nyuso zote ziliinuka. Wanaume, walipotambua ni nani, wakainamisha macho.

"Mdogo wangu, rudi ndani," Bi Zena akamsihi. "Uko eda."

"Niko eda na nina njaa, da Zena. Kile kinu kilikuwa kitupu. Miaka minne tunatwanga kinu kitupu."

Mbali kidogo, upande wa sokoni, bodaboda alipiga honi. Bi Zena akamgeukia mwenyekiti.

"Andika."

"Bi Zena, si wewe uliyesema—"

"Nimesema nisilolijua! Andika, mbona unanitolea macho?"

"Wanaokubali?" Bakili aliuliza kwa sauti ya chini, kama yuko msibani.

Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, hadi ile ya watu wa kwenye ngazi. Mwenye kitambi aliinua yote miwili. Bakili akaandika. Mauza alizitazama nyuso zile, akatafuta meno, akatafuta hata mtu anayemkonyeza mwenzake. Hakumwona. Hakuna aliyecheka, hata mmoja.

Akageuka ndani upesi kumwambia Abubakary, mdomo tayari umeshafunguka.